Profesa Anashuka kwa Wananchi

Uvumi wenyewe niliupata kwa Mama Chausiku, jirani yangu, siku naanika dagaa, na tangu hapo haukunitoka. Nilijaribu kuupuuza, ukakataa kupuuzwa. Nikipika upo, nikisali upo, nikienda kufua naukuta umeshatangulia, umekaa ndani ya beseni unanisubiri.

"Mama Sikudhani," aliniambia, huku anatazama nyuma kama vile dagaa nao wana masikio, "umesikia ya wilaya ya jirani? Mtoto wa watu kauliza swali kwenye mhadhara wa maktaba. Jina lake limefutwa kwenye mtihani."

"Limefutwa na nani?"

"Ona sasa! Na wewe unauliza!"

Akainua kanga yake akaenda zake. Nami nikabaki na dagaa na hofu, maana binti yangu Sikudhani yuko kidato cha nne, na tangu alipojifunza kusema hajawahi kumaliza siku bila kuuliza.

Nawaandikia kina mama wenzangu, hasa wenye watoto wenye akili. Wenye watoto wa kawaida waendelee na shughuli zao, nchi hii haina ugomvi nao. Jina la nchi sitalitaja. Siyo kwamba naogopa. Nina watoto watatu, na mwenye watoto watatu haogopi, anakumbuka tu kwamba anao. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mahali mtakapoona mambo hayaeleweki, jueni aliyeshindwa kuelewa ni mimi, serikali haihusiki.

*

Amri ilitoka juu. Huku kwetu kila kitu hutoka juu, isipokuwa maji, ambayo hutoka mbali.

Waraka ulisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni. Ulisema elimu imekaa sana chuo kikuu, kule kilimani kwenye upepo, mpaka mwananchi wa chini haioni. Kwa hiyo tangu sasa kila mhadhiri anayetaka kupanda cheo sharti kwanza ashuke. Atashuka kwa wananchi mara sita, kwenye maktaba ya wilaya, atoe mhadhara mpaka mwisho, kisha agongewe muhuri kwamba ameshuka. Asiyeshuka hapandi, na anayekatisha mhadhara katikati hahesabiwi kwamba ameshuka, anahesabiwa kwamba alikuwa anapita.

Wananchi tulifurahi sana, maana tuliambiwa tufurahi. Kila nyumba kumi zilitakiwa kutoa wasikilizaji kumi, wenye viatu.

Wa kwanza kushuka alikuwa mtaalamu wa lishe, aliyetuhutubia juu ya njaa. Alianza saa nne asubuhi akamaliza saa tisa, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kwenda kula. Sijawahi kuelewa somo kama nilivyolielewa lile. Wa pili alikuwa daktari wa mambo ya maji. Wenzangu wengine walikuja na ndoo, wakaambiwa waziache nje, zinaharibu mandhari ya utafiti. Wa tatu alikuwa mwanasheria. Alitueleza kwamba kila raia ana haki ya kusema, akalieleza hilo kwa muda wa saa tatu mfululizo bila kumpa mtu nafasi ya kukohoa.

Hotuba zao zilikuwa zimepigwa chapa vizuri, na kila mahali tulipotakiwa kupiga makofi paliandikwa. Nao kwa sababu ya usomi walisoma kila kilichoandikwa. "Taifa lisilosoma ni taifa lililolala makofi," anasema mheshimiwa, na sisi tunapiga.

Maswali nayo yalikuwepo, msije mkadhani hatukuwa na uhuru. Yalikuwa matatu kwa kila mhadhara, yanatungwa hukohuko chuoni, yanaletwa na majibu yake, na Afisa Maswali wa Wilaya, Bwana Nyagilo, anayagawa mlangoni kwenye vikaratasi. Mimi siku ya mwanasheria nilipewa namba mbili: "Je, mheshimiwa, umewezaje kuyajua mambo mengi hivi?" Nilisimama, nikauliza, nikakaa. Nilijibiwa kwa dakika arobaini.

*

Sasa nifike kwa Profesa Lwanzali.

Profesa Lwanzali ndiye msomi mkubwa kuliko wote waliowahi kupangiwa wilaya yetu. Ameandika vitabu, amekwenda nchi za baridi, ana miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutuangalia sisi. Tatizo ni dogo tu, yeye mwenyewe ni mfupi. Siyo kosa lake. Lakini waraka unasema mzungumzaji aonekane mpaka kiti cha mwisho, na jukwaa la mbao lilikuwa limeshaidhinishwa kwa mwaka ujao.

Bwana Nyagilo akasema tutumie rasilimali zilizopo. Jamani, ndani ya maktaba kuna rasilimali gani?

Tuliitwa wanawake kumi na wanne kujitolea. Kujitolea huku kwetu ni lazima. Tukakuta Bi Mwanakheri, mkutubi, amesimama katikati ya rafu zake kama mama aliyeambiwa watoto wake wanahamishwa. Amekaa na vitabu vile miaka ishirini na miwili. Hakulia. Alisema kitu kimoja tu:

"Kama ni lazima vilaliwe na zulia, basi vipangwe kwa namba."

Na tukavipanga kwa namba. Jukwaa letu ndilo jukwaa pekee duniani lenye orodha. Dini mbele kushoto, Historia nyuma kabisa, Kilimo na Mifugo upande wa dirishani, Sayansi katikati, chini ya mimbari. Kila kitabu alikiandikia kwenye kadi yake mahali kilipo: jukwaani, safu ya ngapi kutoka juu, cha ngapi kutoka ukutani. Tukalaza safu tano, tukatandika zulia jekundu, tukakanyagakanyaga kuona kama linatikisika. Halikutikisika. Elimu ni msingi imara, alisema Bwana Nyagilo, akatupitishia karatasi tutie sahihi. Iliandikwa: SIKUONA, SIKUBEBA, SIJUI. Nikatia sahihi, kwa mwandiko mzuri.

Sehemu niliyopangiwa kubeba ilikuwa Sayansi. Na katikati ya Sayansi nilikutana na kitabu cha baiolojia, kile chenye chura wa kijani kwenye jalada. Ndicho pekee wilaya nzima. Kilikuwa na uzi wa kitenge ndani yake, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Kitenge hicho nakijua, nilikishona mimi, na uzi huo Sikudhani ndiye aliyeuchomoa kwenye pindo awekee alama mahali alipoishia kusoma.

Nilikishika kidogo. Bwana Nyagilo akasema, "Mama, tunachelewa." Nikakilaza safu ya tatu, nikaweka vingine juu yake.

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu.

*

"Mama," Sikudhani alikuja kesho yake, begi begani, "maktaba rafu tupu. Tupu kabisa! Namuuliza Bi Mwanakheri, ananiangalia tu anafuta miwani."

"Labda vimepelekwa kushonwa upya."

"Vyote?"

"Sijui, mwanangu."

"Nimeishia kwenye figo. Nusu nimesoma, nusu bado. Sasa nitaandika nini, kwamba binadamu ana nusu figo?"

"Koroga uji," nikamwambia, "unashika chini."

Ulikuwa haushiki. Nilitaka tu ageukie upande wa pili.

*

Mada ya Profesa Lwanzali iliandikwa kwenye kitambaa juu ya mlango: NAFASI YA KITABU KATIKA MAISHA YA MTU ASIYE NA KITABU. Nilimkataza Sikudhani asije. Nilimwambia ana homa. Akajishika shingo, akasema hana. Alikuja na sare ya shule, akakaa safu ya mbele.

Profesa alipanda jukwaani, na kweli alionekana mpaka kiti cha mwisho. Alizungumza kwa kituo. Alisema kitabu ni taa, kitabu ni daraja, kitabu ni ngazi. "Mimi nilipo leo," alisema, "nimefika kwa sababu ya vitabu. Bila vitabu msingeniona makofi."

Tukapiga. Wanawake kumi na wanne tulipiga makofi tukiangalia dari.

Ukafika muda wa maswali. Namba moja akauliza, namba mbili akauliza, namba tatu alikuwa amesinzia, akaamshwa, akauliza. Ndipo nikaona mkono wa sare nyeupe juu.

"Wewe ni namba ngapi?" Bwana Nyagilo akamuuliza.

"Sina namba, shikamoo. Nina swali."

"Bila namba?"

"Profesa, shikamoo," Sikudhani akasema, ameshasimama, "nashukuru kwa mhadhara. Naomba kuuliza, vitabu vya maktaba hii viko wapi? Nimebakiza figo."

Profesa akafunua karatasi ya majibu. Akaigeuza. Akabadilisha miwani, akaigeuza tena.

"Swali zuri sana," akasema.

Huku kwetu ukiambiwa swali lako ni zuri sana, anza kuaga ndugu.

"Ni swali pana," akaendelea. "Linahitaji utafiti."

Bwana Nyagilo yeye alikuwa anang'aa kwa furaha. Miaka tisa amekuwa Afisa Maswali, na hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Alilipokea kwa mikono miwili. Akaliandika kwenye leja mpya iliyokuwa bado ina harufu ya duka, akampigia Sikudhani saluti.

*

Barua ilifika baada ya siku nne. Nimeisoma mara nyingi mpaka imechoka mikunjo.

Ilisema hivi: mtihani wa taifa ni mkusanyiko wa maswali ya serikali. Ni marufuku mtahiniwa kuingia chumba cha mtihani na swali lake binafsi. Binti Sikudhani amethibitika kuwa na swali moja lisilojibiwa. Hivyo hataruhusiwa kufanya mtihani mpaka apate Cheti cha Kutokuwa na Swali.

Mama Chausiku aliposikia alikuja mbio. "Nilikwambia!"

"Uliniambia."

"Na nilikwambia usiulize!"

"Sikuuliza mimi, Mama Chausiku. Kauliza mtoto."

"Mtoto kamrithi nani?"

Sikudhani alikuwa amekaa kizingitini, daftari magotini, anachora figo upya kwa kukumbuka. Alikuwa anachora nusu ileile aliyokwisha kusoma. Akifika katikati anasimama.

Nilijifunga kanga nikaenda kwa Bwana Nyagilo.

"Mama, umekuja kwa wakati," alinipokea vizuri, "maana kuliondoa swali ni jambo jepesi. Kuna fomu. Inajazwa na mzazi, nakala tatu, visanduku vyote. Kisanduku kimoja kikibaki wazi, maombi yamekufa."

Nikaangalia fomu. Kisanduku cha kwanza jina, cha pili swali lenyewe, cha tatu saa lilipokuja, cha nne kama mwenye swali amewahi kuwa na swali jingine, cha tano kabila la swali, cha sita mashahidi. Kisanduku namba saba kikanifanya nivae miwani ya marehemu mume wangu. Kiliandikwa: SABABU YA KUONDOA SWALI: MWENYE SWALI AMELIJUA JIBU. ELEZA JIBU KWA UKAMILIFU.

"Hakuna sababu nyingine?" nikauliza. "Mtoto amejuta, je? Amekosa adabu? Ana homa?"

"Mama, kujuta hakuondoi swali. Swali linaondolewa na jibu. Ni sayansi."

"Na nikiandika jibu lolote tu?"

Akashtuka kweli. "La uongo? Hapana, mama. Jibu la uongo ni la ngazi ya mkoa. Wilaya hatujapewa mamlaka nalo."

*

Nilikwenda kwa Bi Mwanakheri, fomu nimeificha kwenye kanga. Nilimkuta anafuta vumbi rafu tupu.

"Andika ukweli," akaniambia.

"Nimetia sahihi kwamba sijui!"

"Wewe andika. Nani atasoma? Miaka ishirini na miwili napeleka taarifa ofisi ile. Mwaka juzi niliandika kwamba paa limeanguka na mimi nimefariki. Wakanijibu, 'Imepokelewa, endelea na moyo huohuo.' Wale hawasomi, Mama Sikudhani. Wanagonga muhuri."

Nikaona ni kweli. Nikakaa mezani kwangu, nikanawa mikono, nikaandika kama tulivyofundishwa darasa la tatu, herufi zimekaa juu ya mstari hazigusani. Niliandika kwa ukamilifu kama fomu ilivyotaka:

"Vitabu viko chini ya jukwaa, chini ya zulia jekundu, vimepangwa kwa namba. Cha baiolojia kiko safu ya tatu kutoka juu, chini ya mimbari, hapo anaposimama Profesa. Kina uzi wa kitenge ukurasa wa 112. Nilikiweka mimi."

Sikudhani alitaka kuona. Nikamwambia ni mambo ya wazazi.

Bwana Nyagilo aliipokea fomu, akahesabu visanduku kwa kidole, vyote vina wino. Akagonga, akagonga, akagonga. Akapuliza muhuri ukauke. Hakusoma hata neno moja, na nikamshukuru Mungu kwa viongozi aliotupa.

"Hongera, mama. Basi Jumamosi, kwenye mhadhara wa mwisho wa Profesa."

"Jumamosi kuna nini?"

"Swali liliulizwa hadharani, linaondolewa hadharani. Nitaisoma fomu mbele ya watu. Yote. Ndio utaratibu."

Nadhani nilimwomba anirudishie. Nakumbuka nilishika ncha ya karatasi na yeye kashika ncha nyingine.

"Mama, achia," alisema kwa upole. "Ikishagongwa siyo yako tena. Ni ya taifa."

*

Jumamosi ile ilikuwa mara ya sita ya Profesa Lwanzali kushuka. Akimaliza tu, anapanda cheo. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Sikudhani alikaa pembeni yangu, safi, amesukwa, ananinong'oneza, "Mama, uliandika nini?" Nikamwambia asali.

Profesa alipofika nusu ya mhadhara alisimama kunywa maji, na Bwana Nyagilo akachukua nafasi. Alikuwa amevaa suti. Alisoma fomu kwa sauti ya kutangaza msiba wa kitaifa, na alisoma kila kitu, mpaka "kwa matumizi ya ofisi tu." Kisanduku cha kwanza. Cha pili. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya miguu yangu.

"Kisanduku namba saba. Eleza jibu kwa ukamilifu. Vitabu viko chini ya jukwaa, chini ya zulia jekundu, vimepangwa kwa namba." Sauti haikubadilika. Mtu aliyezoea kugonga muhuri hawezi kusoma na kusikia kwa wakati mmoja. "Cha baiolojia kiko safu ya tatu kutoka juu, chini ya mimbari, hapo anaposimama Profesa. Kina uzi wa kitenge ukurasa wa mia moja kumi na mbili. Nilikiweka mimi. Mwisho wa kisanduku. Makofi."

Hakuna aliyepiga. Watu mia mbili waliangalia miguu ya Profesa. Profesa naye akaiangalia. Akainua mmoja taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu barabarani.

Sikudhani alikuwa ananiangalia mimi.

"Mama. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uzi."

Akageuka, akatazama mbele. Ningefurahi angenigombeza.

Aliyeanza ni Mama Chausiku, yule yule anayeogopa dagaa. Alisimama, akaenda upande wa dirishani, akainua pindo la zulia. "Si ndiyo hiki!" akapiga kelele. "Ufugaji Bora wa Kuku! Nilikiacha kwenye magonjwa, kuku wangu wamekwisha kwa mdondo!" Akavuta. Jukwaa likayumba kidogo. Mwenzake akainuka, naye akainua. Zulia likakunjwa kama mkeka. Bi Mwanakheri alikuwa tayari mezani kwake na kadi zake, anasema, "Kwa mstari, jamani, kwa mstari. Kilimo safu ya kwanza, Historia ngojeni."

Profesa angefanyaje? Akikatisha mhadhara, hahesabiwi. Akashika karatasi zake akaendelea.

"Kitabu ni ngazi," alisoma, na safu ya kwanza ikaondoka.

"Samahani Profesa, inua mguu kidogo."

Akainua mguu, bila kuacha kusoma. "Kitabu humwinua mwanadamu kutoka pale alipo..." Safu ya pili ikaondoka. Tulimwona anashuka polepole, heshima yake yote, nyuma ya mabega ya waliopanga mstari, kwanza tai ikapotea, kisha kidevu, mpaka zikabaki nywele na sauti.

Safu ya tatu ilipofikiwa watu walisimama wenyewe wakaacha njia, hakuna aliyewaambia. Sikudhani akaenda mbele. Akainama, akatoa kitabu cha chura wa kijani, akakifuta kwa sketi. Hakurudi kwenye kiti. Alikaa palepale chini, akavuta uzi, akaanza kusoma.

Profesa alifika sakafuni wakati ule ule aliofika mwisho wa hotuba. "Makofi," akasema. Ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa unasoma. Akangoja. Halafu akaokota kitabu kilichobaki peke yake miguuni pake, akakipangusa, uso ukamchangamka. Kilikuwa chake, alikiandika mwenyewe. Akafungua nyuma aone kadi ya waazimaji.

"Hicho hakijawahi kutoka, Profesa," Bi Mwanakheri akamwambia.

*

"Nani aliandika kisanduku namba saba?" Bwana Nyagilo aliuliza, fomu mkononi. Ndipo alikuwa ameisoma, kimya kimya, midomo inacheza.

Nilijua maana ya swali hilo. Fomu hujazwa na mzazi. Kama kaandika mtoto, maombi yamekufa, na Jumatatu kalamu yake inabaki nyumbani.

Sikudhani akainuka kutoka sakafuni. "Ni m..."

"Kaa chini usome," nikamwambia. "Mwandiko ni wangu. Na kitabu niliweka mimi, kama nilivyoandika."

Bwana Nyagilo alifungua kanuni zake, akasoma mbele, akasoma nyuma. Jibu ni la kweli, visanduku vyote vimejaa, muhuri upo mara tatu. Utaratibu ukamlazimisha. Akampa Sikudhani cheti. Halafu akanigeukia mimi, na nikaona kabisa ananionea huruma.

"Mama, sasa wewe una jibu."

"Ninalo."

"Swali lina ofisi. Jibu halina ofisi. Sijui tukuweke wapi."

Wakapata pa kuniweka. Kila Jumamosi naripoti maktaba, nakaa kiti cha mbele, nimevaa kadibodi shingoni iliyoandikwa MWENYE JIBU, mpaka watu watakapolisahau. Mara mbili sasa watoto wamekuja kuniuliza saa ngapi.

Redio ilitangaza kwamba Profesa Lwanzali ameshuka kwa wananchi kikamilifu, kuliko msomi yeyote katika historia ya taifa, na kwamba aliposhuka wananchi walishikwa na hamu ya kusoma papo hapo. Amepanda cheo. Jukwaa la vitabu limeonekana ni ubunifu, na waraka mpya umetoka: kila wilaya iwe nalo kabla ya mwisho wa mwaka. Ndiyo maana nawaandikia. Linakuja kwenu.

La kwetu lilirudishwa Jumatatu asubuhi, Sikudhani akiwa kwenye chumba cha mtihani. Tuliitwa wanawake walewale kujitolea. Kitabu kimoja cha Sayansi hakikuonekana. Bi Mwanakheri akaandika kwenye kadi yake, "Kimeazimwa." Hakuandika na nani. Kama mtihani uliuliza figo, sijui. Sikudhani aliporudi alikula, akanisaidia kuosha vyombo, hakuniambia na sikuthubutu kumuuliza. Siku hizi haniulizi kitu. Nyumba imekuwa na adabu kubwa.

Basi, kina mama, mambo ya kuepuka ni haya:

1. Msipeleke mtoto mwenye akili kwenye mhadhara. Mpelekeni aliyelala.
2. Msikae safu ya mbele.
3. Msimruhusu mtoto kusimama bila namba.
4. Mkiambiwa swali ni zuri, ondokeni.
5. Mkiitwa kujitolea maktaba, vaeni kitu kisichokumbukwa na mtu.
6. Msitie sahihi karatasi yenye neno "sijui" kwa mwandiko mzuri. Mwandiko mzuri hutambulika.
7. Msiamini kwamba fomu hazisomwi. Hazisomwi mpaka siku ya watu wengi.
8. Msiinue zulia.
9. Msimwambie mtoto "sijui" wakati mnajua. Hayo mengine manane yana adhabu za serikali, na zina mwisho. Hili serikali haina habari nalo, na ndilo ambalo sijapata fomu yake.